"Shemeji, Linux yako imeniulia diski": kisa cha diski mbili na bakapu hewa

Ilikua jumatatu asubuhi katikati ya Januari, hata chai sijamaliza, simu inaita, kuangalia ni shemeji wa Morogoro. Huyu kamuoa dada yangu, ana studio ndogo ya picha, anapiga pasipoti, harusi, sendofu, kipaimara, na pembeni kuna steshenari ya kutoa kopi na kuprinti. Kwa kawaida salamu zake ni ndefu, anauliza mpaka habari za majirani, ila siku hiyo hakuna salamu, "Shemeji, ile Linux yako imeniulia diski, picha za watu zote zimekwenda." Sasa aliyemuwekea hiyo Linux, mfumo wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows, ni mimi, kwa hiyo chai ikapoa hapo hapo.

Nakieleza kisa chote, na sehemu nilizoharibu mwenyewe naziweka humu humu, maana toka watu waanze kuhama Windows 10 maswali ninayopata ni kama yanatoka mdomo mmoja: diski inalia, diski haifunguki, bakapu (kopi ya akiba) siioni, je ni Linux? Kwa shemeji jibu lilikua hapana, lakini hapana yenyewe ilichukua siku nne kuithibitisha na mwisho wake nikakuta kosa kubwa kuliko yote limeanzia kwenye neno moja nililomwambia mimi kwenye simu.

Tuanze nyuma kidogo. Microsoft walifunga sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali mashine ya shemeji, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, yeye ana Core i5 ya kizazi cha 6, used, alinunua Kariakoo, RAM GB 8, ndani kuna diski ya kuzunguka ya GB 500. Mashine inapiga kazi vizuri tu, kuitupa ni dhambi. Nikamwambia tuweke Linux Mint 22, moja ya aina za Linux, inapata masasisho mpaka 2029, picha za pasipoti utapanga kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, akanuna kidogo halafu akakubali. Siku mbili kabla ya safari nikampigia nikamwambia: "Hamisha picha zako zote kwenye diski ya nje, nikija nafomati." Novemba nikapanda SGR na flashi yangu mfukoni, nikafika, nikamuuliza picha umehamisha? Akasema nimehamisha. Nikafomati, mchana huo huo mashine ikawa inawaka ndani ya nusu dakika, ikawa furaha, dada akapika kuku, nikarudi Dar nikijiona shujaa.

Kabla ya kuondoka niliwasha Timeshift, ile programu ya Mint inayopiga picha ya mfumo kila siku, nikamwambia na maneno haya nayakumbuka vizuri: "Bakapu ipo, inajifanya yenyewe, usiwe na wasiwasi." Hilo neno tutalirudia.

Sasa ile simu ya Januari. Nikamwambia ashushe pumzi, anitajie dalili moja moja. Akazitaja nne. Ile diski nyeusi ya nje ya TB 1 ikichomekwa inakataa kufunguka na inaleta maneno ya kiingereza yenye neno bad. Laptop yenyewe inatoa mlio, tik, kimya, tik. GB zimebadilika, mwanzo diski ilikua 465 sasa inaonesha 500 lakini nafasi ya kuandikia ni ndogo kuliko alivyotegemea. Na mwisho kafungua Timeshift atafute picha za watu, hamna hata moja. Kwa mtu asiye fundi hizo nne zinakua kitu kimoja: Linux imekula diski. Ukweli ni kwamba zilikua dalili nne zenye sababu nne tofauti, mbili hazina madhara yoyote, moja ni ya kweli na mbaya, na moja sio ya diski kabisa, ni ya kwangu.

Kuna kijana jirani yake anayerekebisha simu tayari alishamshauri arudishe Windows halafu apige chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye ile diski nyeusi. Nikamwambia shemeji tafadhali, hiyo chkdsk asiiguse mtu yeyote, chomoa diski, funga na kitambaa, weka kabatini, mpaka nije. Akauliza "kwani si inarekebisha?" Hapo ndo watu wengi wanapoumia. Chkdsk kazi yake ni kuufanya mpangilio wa faili ukubaliane, na ili ukubaliane iko tayari kukata faili, kuligeuza vipande, kuandika juu, halafu ukiweka /r inaisoma diski yote sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo. Diski yenye afya iliyochanganyikiwa kidogo itapona. Diski inayokufa unaikimbiza mlimani wakati ina pumu. Kwanza kopi, matengenezo baadae, na kwa kopi namaanisha kopi ya diski nzima.

Jumanne nikawa Morogoro. Nikaanza na rahisi ili apumue. Zile GB: diski ya GB 500 ni baiti bilioni 500, Windows inagawanya kwa 1024 inakuandikia 465, Mint inagawanya kwa 1000 inakuandikia 500, ni kipande kile kile cha chuma. Na nafasi iliyopungua ni kwamba ext4, mfumo wa faili wa Linux, unatenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi wa mfumo, kwenye GB 500 hiyo ni kama GB 25. Basi, hakuna aliyeiba.

Mlio sasa. Mlio wa tik kwenye diski ya kuzunguka unaweza kua kifo na unaweza kua kichwa cha kusomea kinaenda kupumzika pembeni. Laptop nyingi za zamani diski zake zimepangwa zikikaa sekunde chache bila kazi kichwa kinaegeshwa, kazi ikija kinarudi, na kila kuegesha kunahesabiwa. Hofu ya kwamba Linux inaua diski kwa njia hii sio uzushi wa kijiweni, ina historia: mwaka 2007 watumiaji wa Ubuntu walipiga kelele sana baada ya kugundua laptop zao zinaegesha kichwa mara nyingi kupita kiasi kwa saa, diski inaegesha, mfumo unaandika kitu kidogo, inaamka, inaegesha tena. Ugomvi ulikua mkubwa, wengine wakalaumu Ubuntu, wengine wakasema ni mipangilio ya watengenezaji wa diski na laptop. Kwa hiyo shemeji hakua mjinga kuuliza.

Lakini hofu inapimika. Nikaweka smartmontools, inayosoma SMART, kumbukumbu za afya ambazo diski inajiandikia yenyewe, nikapiga sudo smartctl -a /dev/sda, yaani diski ya ndani. Mstari wa 9, masaa ya kuwaka: 19,000 na kitu. Mstari wa 193, mara za kuegesha: 412,000 na kitu. Shemeji akashika kichwa, laki nne! Nikachukua daftari lake la oda tukapiga hesabu pale kaunta. 412,000 gawanya kwa 19,000 ni kama mara 22 kwa saa. Toka niweke Mint ni miezi miwili, anawasha kama masaa 9 kwa siku, hayo ni masaa 540, zidisha kwa 22 unapata kama 12,000. Yaani hata kama kila kitu kingekua kosa la Linux, kama laki nne zingine zilishakuwepo wakati anatumia Windows, ila Windows haikuwahi kumuonesha na studio ilikua na redio kubwa iliyozima mlio, redio iliungua Disemba. Kisha tukaandika namba ya saa tatu asubuhi na namba ya saa kumi na mbili jioni, tofauti ikawa 197, gawanya kwa masaa 9, ni 22 kasoro kidogo. Kasi ile ile. Linux haijaongeza wala kupunguza.

Diski nyingi za laptop huandikiwa uwezo wa kuegesha mara 600,000, kwa hiyo bado ana kama laki moja na themanini na nane, kwa mwendo huo ni miaka miwili na nusu. Ukitaka kupunguza unapiga sudo hdparm -B 254 /dev/sda, inaacha kuegesha hovyo, ubaya wake laptop ikidondoka ikiwa inawaka kichwa kinaweza kua juu ya sahani. Yake haitoki kaunta, nikaipiga, mlio ukaisha. Mistari mingine ya diski ya ndani, ule wa 5, wa 197, wa 198, inayohesabu sekta mbovu, yote sifuri. Mstari wa 1 ulikua na namba ya mamilioni na shemeji akashtuka tena, nikamwambia achana nao, kuna watengenezaji wanabana hesabu mbili ndani ya namba moja, ukiisoma kama ilivyo utakufa kwa presha bure.

Sasa ile nyeusi. Nilikua nimeiogopa nikaiweka mwisho. Nikaichomeka, Mint ikatoa ujumbe aliousema: wrong fs type, bad option, bad superblock on /dev/sdb1. Ujumbe huu ni mmoja wa ile inayotisha watu bila sababu, maana unaorodhesha kila kitu kinachoweza kua kibaya halafu unamalizia na or other error, yaani hata wenyewe haujui. Nikaangalia dmesg, daftari la matukio la mfumo, huko ndo kuna ukweli: volume is dirty and "force" flag is not set. Tafsiri ya mtaani: diski hii mara ya mwisho ilichomolewa bila kuagwa, kuna bendera imebaki imesimama ndani yake, na draiva ya ntfs3 (ya kusoma NTFS, mfumo wa faili wa Windows) inayotumika kwenye Linux za siku hizi inakataa kuandika juu ya diski yenye bendera hiyo. Inakataa kwa usalama wako. Kumbe Disemba msimu wa harusi alikua anaipeleka ile diski kwa rafiki mwenye Windows amsaidie kuunganisha video, umeme ukakatika, wakaichomoa tu. Na hata bila umeme kukatika, ukiwa na Windows na Linux kwenye mashine moja, Windows toka toleo la 8 la mwaka 2012 ina kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima haizimi kabisa, inalala, na partisheni zake (vyumba vya diski) zinabaki katikati ya sentensi, ukija na Linux unakutana na mlango umefungwa. Izime hiyo kwanza.

Kama ingekua ni bendera tu ningemaliza kwa dakika mbili. Lakini chini ya mstari ule dmesg ilikua na mistari mingine, myekundu: critical medium error, dev sdb, sector, halafu namba ndefu. Hiyo sio bendera. Hiyo ni diski inasema nimejaribu kusoma hapa nimeshindwa.

Diski za nje za USB mara nyingi haziongei na ile programu ya Disks ya Mint, ukifungua sehemu ya SMART imefifia, watu wanadhani diski haina tatizo. Unailazimisha: sudo smartctl -d sat -a /dev/sdb. Juu kabisa ikaandika PASSED. Shemeji akashangilia. Nikamuonesha chini, mstari wa 197, sekta zinazosubiri hukumu: 40. Mstari wa 198: 40. Hiyo PASSED inamaanisha tu kwamba diski bado haijavuka mstari uliowekwa na mtengenezaji wake, ni kama mgonjwa anayepita getini kwa sababu anatembea. Google walichunguza diski zao zaidi ya laki moja na kutoa matokeo mwaka 2007, wakakuta diski ikishatoa kosa la kwanza la usomaji wa uso wake uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakua mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Na katika zilizokufa, asilimia 36 hazikua zimeonesha dalili yoyote kwenye SMART ukiacha joto. Kwa hiyo SMART ikilia iamini, ikinyamaza usiiamini.

Nikamuuliza shemeji hii diski imewahi kuanguka? Akasema hapana. (Alhamisi, mtu akiwa ameshatulia na kashiba, akasema "kuna siku iliteleza kaunta kidogo lakini haikuumia". Sawa shemeji.)

Hapo ndo nikauliza swali ambalo nilitakiwa kuuliza Novemba. Hizi picha ulizoweka humu, za kwenye laptop si ulibaki nazo mpaka nilipofomati? Akaniangalia kama sielewi kiswahili. "Si ulisema nihamishe? Nilikati, nikapesti. Nikahamisha."

Alikua sahihi. Kuhamisha ni kuhamisha, mtu akihama nyumba haachi kitanda kingine kule alikotoka. Mimi kichwani kwangu nilikua nasema kopi, mdomoni nikasema hamisha, na yeye akafanya nilichosema. Kwa hiyo toka Novemba picha za miaka sita, GB 640 ukichanganya na za zamani, zilikua sehemu moja tu duniani, kwenye diski moja nyeusi inayopanda boda ndani ya mkoba wa kamera, na wote wawili tulikua tunaiita bakapu. Ingekua na jina lake halisi, yaani diski ya kazi, pengine angeibeba tofauti. Jina la bakapu linampa mtu usingizi ambao hajaulipia.

Tukanunua diski mpya ya TB 2, laki mbili na ushee, nikailipia nusu kwa aibu. Nikaifomati ext4. Kisha ddrescue, programu ya kukopi diski mbovu, kwenye Mint pakiti inaitwa gddrescue, ukiandika ddrescue peke yake kwenye apt, amri ya kuweka programu, hupati, watu wanakata tamaa hapo. Saa nane mchana nikapiga sudo ddrescue -n /dev/sdb picha.img picha.map. Hiyo -n inamaanisha beba kwanza kilicho rahisi, pabovu parukie, tusibishane na jiwe wakati nyumba inaungua. Hilo faili la .map ndo roho ya kazi yote, linaandika wapi pameshasomwa na wapi bado. Mpaka saa kumi na moja jioni karibu TB nzima imeshapita. Kisha raundi ya pili, na -d -r3, inarudi pabovu mara tatu tatu, hapo kasi ikashuka mpaka kilobaiti, diski inakohoa, shemeji anakaa pembeni anahesabu kila mlio.

Saa tatu usiku umeme ukakata. Betri ya laptop ni ya jina tu, dakika ishirini ikazima, na diski zote mbili zinakula umeme wa laptop. Shemeji kwenye giza: "Basi tena." Asubuhi umeme umerudi, nikapiga amri ile ile na faili lile lile la map, ikaendelea pale pale ilipoishia kama mtu aliyeweka kijiti kwenye kitabu. Ilipomaliza: kati ya baiti 1,000,204,886,016 zilizoshindikana ni 20,480. Gawanya kwa 512, sekta 40. Namba ile ile ya mstari wa 197, nilicheka mwenyewe.

Sasa sekta 40 ziko kwenye picha za nani? Hapa kuna ujanja naupenda. Unaiambia ddrescue ijaze yale mashimo kwenye kopi na neno unalotaka, nikaandika SEKTAMBOVU kwenye faili dogo, nikatumia --fill-mode=- na ile map, halafu nikaifungua ile kopi kwa kusoma tu, nikapiga grep -rl SEKTAMBOVU, amri ya kutafuta neno ndani ya mafaili, kwenye mafolda yote. Ikazunguka masaa mawili na zaidi, ikaleta majina matatu. Matatu tu kati ya maelfu. Klipu moja ya sendofu, inaganda nusu sekunde halafu inaendelea, MC anaruka neno moja, hamna atakayejua. Na picha mbili za harusi ya Septemba. Ya kwanza bibi harusi yuko sawa mpaka kifuani, chini yake gauni limegeuka mistari ya kijani na zambarau mpaka mwisho. Ya pili ni bibi yake mzaa mama anamfunga mtandio, imekatika kuanzia kwenye vidole vya bibi.

Harusi ya Septemba ilipigwa kabla sijafomati, maana yake hizo picha ziliwahi kukaa kwenye diski ya ndani. Na ile ya ndani ni ya kuzunguka, sio SSD. Ingekua SSD, diski isiyozunguka, ningeshafunga daftari, Mint inapiga TRIM (amri ya kuiambia SSD isafishe nafasi isiyotumika) kila wiki na ukishafomati vilivyokuwepo ndo kwaheri. Diski ya kuzunguka haifuti, inasahau tu anwani, mpaka kitu kingine kiandikwe juu, na kwa miezi miwili Mint na kazi mpya zilikua zimekula kama GB 100. Nikawasha laptop kwa flashi ya Mint ili nisiandike chochote kwenye diski, nikaiachia PhotoRec, programu ya kufufua picha zilizofutwa, usiku kucha imwage kwenye diski mpya. Asubuhi maelfu ya picha, zote zimepoteza majina, zinaitwa f halafu namba. Exiftool ikazipanga kwa saa ya kupigwa, tukaenda moja kwa moja kwenye jumamosi ile ya Septemba. Bibi harusi na gauni lake tukampata, mzima. Bibi na mtandio hatukumpata, pale alipokua amekaa pameshaandikwa kitu kingine. Kopi pekee iliyobaki ni ile shemeji aliyomtumia mteja kwa WhatsApp, imebanwa, ukiichapa A4 inatoka kama imepigwa kupitia kioo cha daladala.

Turudi kwa Timeshift. Programu haina kosa, inafanya inachosema: inahifadhi mfumo, ili sasisho likiharibu mashine urudi jana. Folda za mtumiaji haizigusi mpaka uiambie, na hata wenyewe hawashauri uitumie kwa hiyo kazi, maana ukirudisha mfumo wa wiki iliyopita utarudisha na kazi zako za wiki iliyopita. Halafu mimi niliiacha iandike kwenye diski ile ile ya ndani, haina diski nyingine ya Linux ya kuandikia na kwenye NTFS haikubali. Kwa hiyo bakapu niliyomuahidi shemeji ilikua haina picha hata moja na ilikua inakaa nyumba moja na kitu inachokilinda. Tunasemaga wafanyakazi hewa, hii ilikua bakapu hewa, inaonekana kwenye orodha, mshahara inakula, kazini haipo.

Nilichokosea kingine ni kutopima. Smartctl ningeipiga Novemba kwenye diski zote mbili ingenichukua dakika tano, na leo ningejua kama zile sekta zilikuwepo kabla au zilikuja na ile siku ya kuteleza kaunta. Sasa sijui na sitajua, ndo maana sikumpinga sana shemeji alipokua analaumu, sikua na namba ya kabla. Mtu anayehama mfumo aandike namba ya mistari ya 5, 197, 198 na 193 kwenye karatasi kabla ya kufomati, maana baada ya kuhama kila mlio utakua ni wa mfumo mpya.

Sasa hivi yuko hivi. Diski ya ndani bado ipo, ndo ya kazi. Ile mpya ya TB 2 imeandikwa A na makapeni, tukaongeza nyingine baada ya wiki mbili ikaandikwa B. Moja inakaa studio, nyingine nyumbani kwa dada kwenye kabati la vyombo, jumamosi zinabadilishana, hazikutani sehemu moja zaidi ya dakika za kupishana mlangoni. Ni ile kanuni ya kopi tatu, aina mbili, moja nje, ingawa aina mbili tumeichezea kidogo, aina ya pili ni picha za wateja zilizomaliziwa tu, zinapanda kwenye zile GB 15 za bure za Google, kupandisha GB 640 kwa bando la simu ni kufilisika. Diski nyeusi imepewa likizo ya kudumu, kuna wakati aliuliza kama anaweza kuitumia kwa muziki tu, nikamwambia muziki sawa.

Kukopi anatumia rsync -avh, nimemuwekea kitufe kwenye desktop. Sijamuwekea --delete, kuna watu wanaiweka siku ya kwanza halafu mtu anafuta folda kimakosa asubuhi na mchana bakapu nayo inaifuta kwa utiifu. Acha takataka zijae, tutafagia kila miezi mitatu nikiwa pale. Na kabla ya kuchomoa, ile alama ya mshale wa kutoa mpaka Mint iseme tayari, hata kama kuna mteja anapiga kelele.

Na kila jumamosi, hili ndo sharti nililolikomalia, anachukua diski inayokwenda nyumbani anafungua faili tatu alizochagua kwa kubahatisha, kwenye mashine nyingine sio ya kwake, ananitumia picha ya skrini. Mashine nyingine anatumia ya yule rafiki wa video, na kwa sababu ext4 Windows haiisomi, rafiki anaiwasha kwa flashi ya Mint. Jumamosi iliyopita zilikuja mbili tu. Nikapiga simu, akajibu kwa sauti ile ya Januari, "Shemeji, ya tatu haifunguki, imekufa." Moyo ukaruka. Nikamuuliza inaishia na nini jina lake. Akasoma herufi moja moja: nukta, x, c, f. Faili la GIMP, na ile flashi nimeitengeneza mimi, GIMP sikuiweka.